Mlango Uliofungwa kwa Nje

Khalil alikuja kuchukua ufunguo baada ya sala ya alasiri, na hakuvua viatu. Alisimama kwenye zulia dogo la mlangoni, ghorofa ya tatu ya jengo lile la Darsait, mjini Maskati, kanzu yake imenyooka kama ya mtu anayekwenda harusini, macho yake yakienda kila pahala isipokuwa kwa mwenye nyumba.

"Karibu ndani, shemegi," Kheiria alimwambia. "Leo umekuwa mgeni?"

"Nna haraka. Nimetumwa tu. Asaad anautaka ufunguo wa stoo."

Thabit alitoka chumbani amevaa fulana na kikoi. Alikuwa mhariri wa filamu katika kampuni ya Asaad tangu siku ambazo kampuni ilikuwa na kamera moja na gari moja bovu. Kila tamthilia ya Ramadhani iliyowaliza kina mama wa Maskati, mikono yake ndiyo iliyoikata na kuiunganisha. Khalil alikuwa msimamizi wa kazi katika kampuni hiyo hiyo, na kabla ya hapo, alikuwa rafiki.

"Stoo ya kule mtaa wa Ghala?" Thabit aliuliza. "Mikebe yangu yote ya filamu imo humo. Kipindi cha mwisho sijakimaliza."

"Atakimalizia mwingine. Anakuja mtu kutoka Misri."

"Kwa nini?"

Khalil alikohoa. "Wanunuzi wamesema wakiona jina lako mwisho wa kipindi hawakichukui. Jina lako lina maneno, Thabit. Ya Ujerumani."

Kheiria alicheka, kicheko kikavu. "Ujerumani ya Mashariki? Nchi yenyewe haipo tena, Khalil! Imevunjwa, tumeiona kwenye televisheni humu humu ndani, wewe umekaa pale kwenye mto unakula halua yangu."

"Shemegi, si mimi ninayesema."

"Basi anayesema ni nani?"

Ilikuwa mwaka 1995, na maneno ya namna ile hayakuwa na mwenyewe. Yalitoka ofisini, yakapita kwenye majlisi, yakarudi ofisini yamekuwa ukweli. Fulani alisomeshwa na wakomunisti. Fulani alikuwa na wenzake kule. Hakuna aliyekuwa akikuita kukuuliza. Ila simu yako ilikuwa haipokelewi tena.

Na kilichomuudhi Kheiria zaidi jioni ile ni kwamba aliujua ukweli. Thabit na Khalil walikwenda Berlin pamoja, vijana, kusomea filamu. Kulikuwa na kikundi cha wanafunzi waliokutana kusoma siasa, na mwenyekiti wa kikundi kile alikuwa Khalil. Thabit alikuwa akienda zaidi kwa ajili ya joto la ukumbi, maana chumba chake kilikuwa na dirisha lililovunjika. Sasa mwenyekiti amesimama mlangoni kwake ametumwa ufunguo.

Jikoni, binti yao aliacha kuosha vyombo. Thabit aliuchomoa ufunguo kutoka kwenye mnyororo wa funguo zake za nyumba. Kucha ilimkatika. Khalil aliutia mfukoni bila ya kuutazama.

"Itapita hii," alisema.

"Nenda, Khalil," Kheiria alimwambia. "Nenda kabla sijasema la kusema."

~

Wiki mbili baadaye, Ijumaa adhuhuri, watu wakiwa msikitini, stoo ya Ghala ilishika moto. Filamu ni kitu kinachowaka kwa hamaki, na mle ndani mlikuwa na mapipa ya dawa za kusafishia picha. Zimamoto walipofika paa lilikuwa limekwishaanguka. Kwa ndani, karibu na mlango, walimkuta mlinzi amekufa. Jina lake Obedi, mtu wa Biharamulo, aliyekuwa akilala mle mle kwenye kichumba cha mbao nyuma ya makabati.

Thabit alikuwa nyumbani. Tangu aachishwe kazi alikuwa haendi msikitini siku ya Ijumaa, kwa aibu ya salamu. Watu walimpa mkono wakauvuta haraka, kama waliogusa birika la moto. Kwa hiyo hakuna aliyemwona adhuhuri ile isipokuwa mkewe na binti yake Lamya, aliyekuwa amerudi kutoka chuoni Al Khoudh kwa mapumziko ya wiki. Na ushahidi wa mke na binti, nani anautaka?

Walikuja kumchukua Jumamosi. Watu watatu, wapole, wamevaa kanzu. Mmoja alimwomba Kheiria radhi kwa usumbufu. Walichukua vitabu vya Thabit vya Kijerumani, vyote vya upigaji picha na lenzi, wakavitia ndani ya mfuko wa nailoni wa sokoni.

"Mnampeleka polisi gani?" Kheiria aliuliza.

"Maswali machache tu, mama."

"Nimeuliza polisi gani!"

"Atarudi," yule mpole alisema, na mlango ukafungwa.

Kabla ya jua kutua jengo zima lilikuwa limeshapata habari kwamba Thabit mkomunisti amechoma stoo ya tajiri wake kwa kisasi, na mtu amekufa. Jirani wa ghorofa ya pili, mwanamke ambaye Kheiria alimkalia uzazini, alimwita mwanawe aliyekuwa akicheza ngazini na kumwingiza ndani. Shuleni Kheiria alikokuwa akifundisha sayansi, mwalimu mkuu alimwita, akamwagizia juisi, kisha akamwambia apumzike nyumbani kidogo, kwa faida yake mwenyewe.

"Kwani naumwa?" Kheiria aliuliza.

"Hapana, lakini wazazi wanasema."

"Wazazi wanasema, wanunuzi wanasema. Nchi nzima hii inasema, na hakuna mwenye kinywa!"

Juisi aliiacha mezani.

~

Siku ya tano tangu Thabit achukuliwe, mwanamke alipiga kelele ngazini. Alipanda ngazi akililia jina la Thabit, mlango kwa mlango, mpaka akafika ghorofa ya tatu. Alikuwa mwanamke wa Kiafrika wa makamo, amevaa sare ya bluu ya mtumishi wa ndani na kanga nyeusi kichwani.

"Yuko wapi? Yuko wapi huyo muuaji? Mimi ni Evodia, dada yake Obedi! Atoke anieleze! Kaka yangu alimkosea nini?"

Milango ya majirani ilifunguka, mmoja baada ya mwingine. Kheiria alitaka kuufunga wake. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa. Badala yake alisema, "Ingia ndani."

"Siingii nyumba hiyo!"

"Ingia, mwanamke, upige kelele ukiwa umekaa. Hawa unaowafurahisha hawatakusaidia kitu."

Evodia aliingia, lakini hakukaa. Alisimama katikati ya chumba. Alikuwa ametoroka kwa mwajiri wake huko Al Khoudh kwa kisingizio cha kwenda kununua nyanya.

"Hapa mapumziko ni Ijumaa, basi siku hiyo sisi tunasali kanisani Ruwi," alisema. "Kila Ijumaa Obedi anakuja. Siku hiyo hakuja, alikuwa na homa. Nikasema nikimaliza nitampelekea uji. Nimefika na uji wangu, mama, nakuta moshi. Zimamoto wamekata kufuli ndiyo wakaingia. Nililiona chini pale, chuma chake kimekatwa lakini kufuli lenyewe limefungwa vilevile. Kaka yangu alikuwa nyuma ya mlango. Nyuma ya mlango! Alikuwa anagonga afunguliwe!" Alijipiga kifua. "Mumeo alimfungia kwa nje kama mbuzi!"

Kheiria alivuta kiti. Alikaa yeye.

"Nani kakwambia kuwa ni mume wangu?"

"Bosi wao. Bwana Asaad mwenyewe. Kasema mumeo alikuwa na ufunguo."

"Lamya!" Kheiria aliita. Binti yake, ambaye hakurudi chuoni wiki ile, alitokea mlango wa jikoni, macho mekundu. "Mwambie. Ufunguo wa baba yako uko wapi?"

"Alikuja kuuchukua Ami Khalil," Lamya alisema. "Wiki mbili kabla ya moto. Mimi nilikuwa jikoni, nilisikia."

Evodia aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa amekuja na hasira yake yote, na sasa hakujua aiweke wapi.

"Mnaweza kuwa mnadanganya," alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Tunaweza," Kheiria alisema. "Kwa hiyo usituamini. Njoo tumsake aliyeuchukua."

~

Kheiria alimkuta Khalil studioni, chumba cha kuhariri, amekaa kwenye kiti cha Thabit. Evodia alibaki ndani ya gari. Walinzi wa mlangoni walikataa kumpitisha na sare ile.

"Shemegi, si pahala pake hapa," Khalil alisema, akainuka kufunga mlango.

"Uwache wazi. Ufunguo ulioutoa kwangu ulimpa nani?"

"Zungumza polepole."

"Nimezungumza polepole maisha yangu yote! Thabit yuko ndani siku ya tano. Neno moja tu kutoka kwako, kwamba ufunguo uliuchukua wewe, linamtoa."

Khalil alikaa tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekosa usingizi. "Unadhani sijafikiri? Nikisema ufunguo nimeuchukua, wataniuliza kwa nini. Kwa sababu ana maneno ya ukomunisti. Na wewe Khalil, wataniuliza, kule ulikuwa wapi? Ulikuwa naye? Ulikuwa nani? Mimi nna watoto wanne, Kheiria. Huyu mkubwa kapata kazi wizarani juzi tu."

"Na Obedi?"

"Obedi amekwishakufa."

Alilisema kama mtu anayesema mvua imekwisha kunyesha. Kheiria alimtazama mtu huyu aliyewahi kula sahani moja na mumewe, aliyembeba Lamya mgongoni, na akatamani kumpiga kofi, kofi la mwanamke wa sokoni, lisikike mpaka barabarani.

"Ulimpa nani?" aliuliza tena.

Macho ya Khalil yaliinuka yakaenda darini, na juu ya dari ile ndiko ilikokuwa ofisi ya Asaad. Ilikuwa mara moja tu, kisha akayashusha.

"Kamera zile mpya za kampuni, zilizowekwa stoo," Kheiria alisema taratibu. "Ziliungua?"

"Asaad amesema zimeungua."

"Wewe umeziona zimeungua?"

"Zilihamishwa Alkhamisi," Khalil alinong'ona, "na bima imeshakuja kupiga picha majivu. Sasa nenda, nakuomba kwa Mungu. Na ukisema kwamba nimesema, nitakataa."

~

Jumatatu walimwita Kheiria mwenyewe. Chumba kilikuwa cha baridi, na mezani kulikuwa na tende na chupa ya maji. Afisa alikuwa kijana kuliko alivyotarajia, na alizungumza Kiswahili safi, cha mama yake, alisema, aliyezaliwa Tabora.

"Mumeo ni mtu mzuri," afisa alisema. "Ila ni mkaidi. Tunamuuliza jambo dogo. Kule Berlin walikuwa wakikutana. Tunataka kujua na nani."

"Na moto?"

"Moto tutaujua."

"Mlango ulifungwa kwa nje. Mume wangu hakuwa na ufunguo. Yupo mwanamke, dada wa marehemu, ameliona kufuli. Kamera zilitolewa siku moja kabla..."

"Mama Lamya," afisa alimkatiza kwa upole, "hayo ni ya watu wa zimamoto na bima. Mimi nakuuliza Berlin."

"Mna maiti, na mnaniuliza Berlin?"

"Jina moja. Nani alikuwa mkubwa wao? Unalijua, naona usoni unalijua. Litaje, na mumeo atakula chakula cha usiku kwako."

Jina lilikuwa mdomoni. Kheiria aliliona limekaa juu ya ulimi wake, silabi mbili, jepesi. Jana usiku Lamya alimlilia alitaje: "Mama, yeye anamuuza Baba na sisi tunamlinda, huu ni wazimu gani?" Hakumhurumia Khalil hata chembe. Lakini aliona vipi litakavyokwenda: Thabit atatoka, Khalil ataingia, na afisa huyu mpole atamuuliza Khalil jina jingine, na mwingine jingine, na Asaad atakunywa kahawa yake, na hakuna siku katika siku za Mungu ambayo mtu yeyote katika chumba hiki atamtaja aliyekufa akigonga mlango.

"Nitakupa jina," alisema. "Liandike. Obedi."

"Mama..."

"Liandike! Obedi, mtu wa Biharamulo. Alikuwa na homa. Huyo tu ndiye ninayemjua katika kesi hii, na nyinyi humu hamumjui."

Afisa aliweka kalamu chini. Alimsindikiza mwenyewe mpaka mlangoni, kwa adabu, na akamwambia amekosa nafasi ambayo hatapewa tena.

~

Siku tatu baadaye Asaad alimtuma ami yake, Mzee Thani, ampelekee Kheiria ujumbe: njooni tuyamalize kwa heshima. Dada wa marehemu apewe kitu chake, aseme mbele ya watu kwamba moto ulikuwa ajali na kwamba ameridhika. Moto ukiwa ajali, Thabit hana kesi. Asaad angekwenda mwenyewe kumtoa.

Ndani ya gari Kheiria alimweleza Evodia yote, bila ya kuficha.

"Kwa hiyo nikikubali, mumeo anatoka," Evodia alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe unataka nikubali?"

Kheiria alishika usukani. Taa ilikuwa nyekundu. Ikawa kijani, na gari la nyuma likapiga honi. Alikuwa anataka. Mungu alijua alikuwa anataka.

Majlisi ya Asaad ilikuwa na mazulia mapya na ubani. Wanaume wapatao kumi walikaa kuzunguka ukuta, Khalil mmoja wao, karibu na pembe. Kheiria na Evodia waliwekewa viti viwili vya plastiki karibu na mlango, mbali na zulia. Evodia hakuletewa kikombe. Asaad, mtu mnene mwenye sauti tamu, alisema kwa Kiswahili kwamba Obedi alikuwa kama ndugu yake, kwamba kuchunga stoo ile ilikuwa amana, na kwamba umeme ni kitu cha hatari. Kisha akamgeukia ami yake na kuendelea kwa Kiarabu, kwa sauti ile ile tamu.

Evodia aliinamia sikio la Kheiria. "Wanasema nini?"

Kheiria angeweza kunyamaza mpaka mwisho. Mumewe angekuwa nyumbani kesho.

Mzee Thani alijibu kwa Kiarabu, na mtu mmoja akacheka kidogo.

"Bwana Asaad amesema," Kheiria alitamka, kwa sauti ya darasani, "kwamba wewe ni mtumishi, nusu ya fidia inakutosha. Mzee amemjibu kwamba kwenu pesa kidogo ni nyingi. Na yule pale amecheka."

Aliyecheka aliinamisha uso.

"Kheiria," Asaad alisema, "hakuna haja ya kutafsiri kila kitu."

"Nitatafsiri kila neno. Mmemwita akubali, basi asikie anachokikubali."

"Mfikirie mumeo, wewe!"

"Mume wangu namfikiria usiku na mchana. Endelea kwa Kiarabu, Bwana Asaad, nakusikiliza."

Evodia alisimama. Mikono yake ilikuwa imekunja ncha za kanga. "Mimi sijui Kiarabu," alisema, "na sikuja kwa ajili ya pesa. Nina swali moja. Kufuli nani alifunga? Anijibu mtu mmoja tu, halafu nitaondoka zangu."

Wazee walizitazama fimbo zao. Kheiria aligeuka kuelekea pembeni.

"Khalil," alisema. "Jumatatu waliniuliza jina lako. Waliniambia nikilitaja, Thabit atarudi siku ile ile. Sikulitaja. Thabit ameulizwa siku zote hizi, naye hakulitaja. Nataka ulijue hilo ukiwa umekaa hapo."

Uso wa Khalil ulibadilika rangi. Asaad alimtazama kwa jicho la tajiri kwa mfanyakazi wake. Pengine ni jicho lile lililofanya kazi ambayo maneno yote hayakuifanya, kwani Khalil aliinuka ghafla, akajikwaa kwenye pindo la kanzu.

"Ufunguo wa Thabit niliuchukua mimi," alisema, sauti imepasuka. "Wiki mbili kabla. Nikakupa wewe, Asaad, mkononi. Na Alkhamisi ulizitoa kamera, na Ijumaa ulikwenda Ghala peke yako. Nilikuona ukirudi."

Asaad aliruka akasimama na kupiga kelele kwa Kiarabu, na Kiarabu chake hakikuwa kitamu tena.

"Anasema nini?" Evodia aliuliza.

Kheiria aliwatazama wanaume wote mle ndani, mmoja mmoja, ahakikishe kwamba nao wamesikia alichosikia yeye.

"Amesema," alitafsiri, "Wallahi sikujua kama yumo ndani. Nilidhani amekwenda kanisani."

~

Mzee Thani ndiye aliyempeleka Asaad polisi, kwa mkono wake, kwa sababu wanaume kumi walikuwa wamesikia na jambo lile lisingefichika tena. Asaad alifungwa, si miaka mingi. Walisema hakukusudia kuua. Alikusudia kuiba pesa za bima tu. Kamera zilikutwa kwa mfanyabiashara mmoja. Khalil aliachishwa kazi wiki ile ile, na akaitwa kule kwenye chumba cha baridi chenye tende, akakaa huko siku zake, na mwanawe wa wizarani akahamishiwa pahala pasipo na meza.

Thabit aliachiwa baada ya mwezi na zaidi. Hakupewa neno la samahani, wala vitabu vyake. Alirudi amekonda, na alikuwa akishtuka mtu akigonga mlango. Hakuna studio iliyompa kazi tena. Jina lake lilibaki na maneno yake, na sasa maneno yalikuwa mapya: ndiye yule wa moto. Kheiria alirudishwa shuleni, na mwalimu mkuu akamwambia mbele ya wenzake, "Si nilikwambia pumziko litakufaa?"

Siku moja, jioni, Khalil alikuja. Safari hii alivua viatu. Thabit alisimama, akamkumbatia, na wote wawili walilia, watu wazima wale, wameshikana mabega katikati ya chumba. Lamya aliondoka akaenda jikoni asiwaone.

Walikaa. Thabit alingoja kidogo, kisha akasema, "Kheiria, mgeni hana kahawa."

Kheiria alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono amekunja kifuani.

"Kahawa ipo," alisema. "Haitoki."

"Kheiria!"

"Usiniite hivyo. Wewe umemsamehe, ni haki yako, umekaa ndani kwa ajili yake. Mimi sikukatazi. Lakini kuna mtu alikuja mlangoni kwangu anajipiga kifua, na huyu bwana wakati ule alikuwa ameshajua nani alifunga kufuli. Alijua siku ya kwanza. Angeweza kumwambia. Sikwambii polisi, sikwambii mahkama. Kumwambia tu yeye, dada mtu, asilale akimlaani asiyemkosea."

"Nimesema ukweli mwisho wake, shemegi," Khalil alisema kwa sauti ya chini. "Nimepoteza kila kitu kwa huo ukweli."

"Umepoteza kazi. Kwake umeshakwenda?"

Khalil aliangalia vidole vyake.

"Nimekuuliza. Umeshakwenda?"

"Sijui anakaa wapi."

"Al Khoudh," Kheiria alisema. "Villa ya tatu baada ya msikiti mpya, ina geti la kijani. Usigonge mbele, mbele hawatafungua kwa ajili yake. Zunguka nyuma, kuna mlango mdogo wa jikoni, ndio anaopitishwa. Gonga hapo, na ungoje mpaka afungue."

Thabit alitaka kusema neno, akaona uso wa mkewe, akaliacha.

Khalil aliinuka. Alivaa viatu vyake polepole, ameinama muda mrefu kuliko viatu vilivyohitaji. Kisha wakamsikia akishuka ngazi, ghorofa moja baada ya nyingine, na chini kule gari lake likawaka. Kheiria alikwenda dirishani kuangalia litageukia upande gani.